Bao la Jeptoo Dhidi ya Nigeria

Bao lenyewe hakulifunga Jeptoo. Lilifungwa na Mzee Nyakundi, tena kwa kipaza sauti, katika ukumbi wa kanisa la Wakenya pale Etobicoke, Toronto, na lilichukua miaka minane kuingia wavuni.

Lilianza hivi. Jeptoo alifika Toronto mwaka 2003, mimba ikiwa ya miezi sita na koti lake halifai hata kwa mvua. Akajifungua, akapata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, akajiunga na kanisa. Kiangazi kilichofuata, watu walipokwenda bustanini kuchoma nyama, vijana walikuwa wakipiga mpira, nao ukamjia. Akautuliza kwa kifua, akaurudisha kwa mguu wa kushoto hadi miguuni mwa aliyeupiga. Sahani ya kachumbari ilikuwa bado mkononi.

"Dada, hiyo umejifunzia wapi?" Nyakundi aliuliza.

"Niliwahi kuitwa timu ya taifa," Jeptoo alijibu, akaenda kutafuta chumvi. Hayo tu ndiyo aliyosema, na yalikuwa kweli tupu.

Lakini Nyakundi, ambaye kazi yake ni ufundi bomba ila moyo wake uko kwenye ushereheshaji, hawezi kumtambulisha mtu akamwacha alivyo. Mwenye teksi mbili kwake ni mwekezaji. Muuguzi ni daktari, na daktari ni profesa. Mwaka 2006 Jeptoo akawa mchezaji wa timu ya taifa. Mwaka 2009 akapewa unahodha. Kufikia 2012, kwenye harusi fulani katika ukumbi ule wa kanisa, alikuwa ameshawafunga Nigeria kwa kichwa, dakika ya tisini. Jeptoo alisikia akiwa kwenye foleni ya pilau. Angeweza kusema neno. Alitabasamu tu, watu wakapiga makofi, na tusidanganyane, makofi yale yalimwingia vizuri. Kutwa alikuwa akiwaogesha na kuwageuza wazee wa watu vitandani, na kazi hiyo hapigiwi mtu makofi.

Aliyelibeba bao lile kuliko wote ni binti yake, Lynette. Naye alicheza mpira, winga, na aliwasimulia wenzake wote pamoja na kocha.

Novemba 2016 Kenya ilikuwa Kamerun, kwenye fainali za wanawake za Afrika kwa mara ya kwanza. Ilikuwa imeshafungwa na Ghana na Mali, kila mechi mabao matatu kwa moja, na sasa ilibaki Nigeria, siku ya Jumamosi. Nyakundi akatangaza kwamba mechi itatazamwa ukumbini, na kwamba kabla ya mpira kuanza Dada Jeptoo atawasimulia mabinti wa kanisa jinsi alivyowafunga hao hao.

Alhamisi jioni Lynette alikuwa jikoni, akipekua kwenye simu rekodi ya timu ya taifa, mashindano hadi mashindano.

"Mama, wewe ulikuwa mwaka gani?"

Jeptoo, aliyekuwa akikata mboga ya sukuma wiki, aliutaja mwaka bila kufikiri. Lynette akamgeuzia simu. Mbele ya mwaka ule hapakuwa na mechi wala bao. Palikuwa na neno moja tu: ilijitoa.

"Kwa hiyo ni uongo," Lynette alisema kwa Kiingereza, lugha aliyoitumia kwa kila jambo zito. "Nimewaambia timu nzima."

"Si mimi niliyesema."

"Ulinyamaza."

Akaenda chumbani na kufunga mlango taratibu, jambo lililomchoma mama yake kuliko kama angeubamiza. Kanisa lingemcheka mwezi mmoja, likachoka. Alichokiogopa Jeptoo ni huyu mtoto wa miaka kumi na tatu, ambaye kuanzia leo, kwa kila atakaloambiwa, angetafuta kwanza kwenye simu.

Jumamosi Lynette alikuja, kwa kuwa mechi ni mechi, lakini alikaa nyuma kabisa, kofia ya sweta imefunika kichwa. Nyakundi akamaliza sifa zake, akamkabidhi Jeptoo kipaza sauti.

"Sijawahi kuwafunga Nigeria," Jeptoo alisema. "Sijawahi hata kucheza nao. Sijacheza mechi yoyote ya taifa."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

"Si mnaona unyenyekevu!" Nyakundi alipaza sauti. "Bwana asifiwe! Nyota wa kweli hajisifu!"

"Mzee, nasema kweli."

Vigelegele vikapigwa. Jeptoo alitamani ardhi ipasuke immeze. Miaka yote aliyonyamaza walimwamini, na siku aliyofungua kinywa hakuna aliyemsikia.

Ndipo Lynette aliponyanyuka. Alipita katikati ya viti, uso umemwiva kwa haya, akasimama kando ya mama yake na kuinua simu.

"Mama anasema kweli," alisema kwa Kiswahili, polepole, akiyatafuta maneno. "Imeandikwa hapa. Hawakuenda. Timu ilijitoa."

Makofi yakafa. Nyakundi akatafuta kiti.

Sasa Jeptoo akaweza kusema. Aliwaambia mabinti kuhusu majuma matano ya kambi, kukimbia alfajiri hadi kutapika, na jezi aliyoijaribu mbele ya kioo cha chooni. Halafu asubuhi moja waliambiwa hakuna safari, rudisheni jezi. Sababu hawakupewa. Alipofika kwao Kapsabet alimkuta baba yake ameshanunua betri mpya za redio. "Niliumia," alisema. "Niliumia sana, na sikugusa mpira tena mpaka nilipofika nchi hii." Hakuna aliyepiga makofi, na hakuyahitaji.

Mechi ikaanza. Kenya ilifungwa bao, ikafungwa la pili, la tatu, la nne. Filimbi ya mwisho ilipolia, watu walikuwa wakivaa makoti, na Nyakundi alikuwa akikusanya vikombe vya chai huku akikwepa macho ya Jeptoo.

"Nne bila," aliguna. "Aibu gani hii."

"Aibu?" Jeptoo alikuwa akilia waziwazi, na alikuwa na furaha ambayo hakuweza kumweleza mtu. "Wameshuka uwanjani, Mzee. Wameimba wimbo wa taifa. Mimi hata hiyo nne bila sikuipata."

Nyakundi aliweka vikombe chini. "Nisamehe, dada yangu," alisema, safari hii bila kipaza sauti.

Lynette alikuwa hajabanduka kando ya mama yake tangu kipindi cha kwanza.

"Kama mngeenda," aliuliza, "ungewafunga?"

Jeptoo aliutazama ukuta wa mbali wa ukumbi, kama mtu anayepima umbali wa goli.

"Sijui," alisema. "Walikuwa wakali sana."

Lynette akamwamini.