Baba Aliyejibu Amina

Baba yangu hakuwahi kukubali kwamba macho yake yamechoka. Dukani kwake Kariakoo, anakouza ndoo na beseni kwa jumla, anaijua ndoo yenye ufa kwa kuipapasa tu, basi akadhani na simu inasomwa hivyo hivyo. Herufi za simu yake zilikuwa ndogo kama chawa. Nilipotaka kuzikuza alifoka, "Herufi kubwa ni za chekechea!" Mama alizikuza za kwake hadi mwisho. Maneno matatu yanajaza kioo, na wateja ng'ambo ya meza humsomea ujumbe kabla hajauona.

Baadaye ndipo nilipogundua kwamba baba alisoma kwa umbo. Ujumbe mfupi wenye tarakimu ni oda. Ujumbe mrefu ni sala ya asubuhi kutoka jumuiya ya kanisani, na sala hujibiwa "Amina".

Nilipopata mchumba wa Tanga nilijua nina kazi, kwa maana baba alikuwa ameapa binti yake haolewi nje ya Uchagani. Kumwambia uso kwa uso nisingeweza. Nikamwandikia waraka mzima, nikaanza na shikamoo na kumshukuru Mungu, nikamaliza na ile alama ya vikono vya sala. Kabla sijaweka simu chini, jibu likaingia: "Amina. Ubarikiwe." Nililia kwa furaha. Mama, niliyemtumia nakala, hakuamini. Akamuuliza baba kama kweli ameusoma ujumbe wa mwanaye.

"Nimesoma na nimejibu," baba akasema, kwa ukali wa mtu ambaye hajasoma. Nani angembishia?

Washenga wakaja nyumbani kwetu Ilala, wazee wawili wapole ndani ya makoti yao ya heshima. Baba akadhani ni wateja wa mikoani.

"Jumapili siuzi," akawaambia, "ila kaeni mpumzike."

Mkubwa wao akakohoa. "Mzee mwenzetu, tumekuja kuposa, baada ya kupata baraka zako."

"Baraka zipi?"

Nikamfungulia ujumbe kwenye simu yake. Akaisogeza mbali, akaisogeza tena, mpaka mkono ukamwishia. Mama akamwekea simu yake mwenyewe kiganjani.

Akasoma kwa sauti, kama anasoma somo kanisani, akisukuma kioo kila baada ya maneno matatu. "Baba, najua uliapa..." Akasukuma. "Lakini uliponifundisha kuchagua ndoo..." Akasukuma. "...ulisema nisitazame imetoka wapi, niijaze maji nione. Huyu nimemjaribu, baba. Havuji."

Mshenga mdogo akaangalia dari. Baba akavua kofia.

"Amina," akasema, polepole safari hii. "Mama, wape wageni chakula."

Mama akapiga kigelegele kilichofika kwa jirani. Tukala pilau. Baba hakuja mezani. Alibaki kwenye kochi na simu yake, ambayo sasa nilikuwa nimemkuzia herufi, akipitia jumbe zangu za miaka yote. Katikati ya mlo akaniita, uso umemshuka.

"Kumbe ulilazwa hospitali, kule chuoni?"

"Ndiyo, baba."

"Nikakujibu nini?"

Mama akaacha kupakua.

"Amina, baba."