Kiguu-na-Njia na Lugha Mbili za Skrini

Ofisini walimwita Kiguu-na-Njia, maana hakuna aliyewahi kumwona amekaa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Kazi yake ilikuwa kutengeneza skrini, zile sura za kompyuta zenye visanduku vya kujaza na vitufe vya kubonyeza. Alifikiri akitembea, dirishani hadi mlangoni, hadi zulia la ofisi likachubuka.

"Umelala kweli wewe?" mama yake alimuuliza asubuhi hiyo, akimwona amevaa viatu na chai haijaguswa.

"Nimelala, mama."

"Basi kitanda ndicho kilichokesha. Nimekisikia kikilia."

Kabla ya saa sita mchana alitakiwa kumwambia mkubwa wake skrini za hospitali zitaandikwa kwa lugha gani ya kompyuta. Miaka mitatu nyuma aliulizwa swali hilohilo kwa kazi ya idara ya maji, akachagua lugha iliyokuwa ikisifiwa kila kona. Haukupita mwaka, walioitunga wakaitelekeza. Skrini arobaini zikaandikwa upya, moja moja. Hakuna aliyemlaumu kwa mdomo, na afadhali wangemlaumu. Tangu hapo akiambiwa achague, hugeukageuka kitandani hadi alfajiri.

Sasa zilibaki mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mabano: kila kisanduku unakifungua kwa jina lake ndani ya mabano, na ukimaliza unakifunga kwa jina hilohilo. Ndefu, inachosha vidole. Ya pili haina habari ya kufunga. Mstari uliosogezwa ndani kidogo unahesabiwa mtoto wa ule ulio juu yake, basi. Fupi, safi, inasomeka kama orodha ya sokoni.

Mwenzake wa meza ya pili, mama wa mapacha waliyemwita Chapuchapu kwa kasi ya vidole vyake, hakuwa na shaka hata chembe.

"Dada, hiyo ya mabano ni ya mabibi zetu."

"Mabibi zetu walikuwa na kompyuta?"

"Wangekuwa nazo, wangeandika hivyohivyo, pole pole, wakiugua mgongo."

Kiguu-na-Njia alicheka, lakini hakutulia. Alikuwa na desturi yake moja: kabla ya kuamua, humpa kitu yule atakayeachiwa akitumie, kisha husimama nyuma yake, akitazama. Wa kuachiwa hapa alikuwa karani wa masjala ya hospitali, mzee nadhifu ambaye mafaili yake yalipangwa rafuni kama meno. Madaktari hubadili mawazo kila wiki, na yeye ndiye angekuwa anahamisha visanduku. Saa tatu yeye na Chapuchapu walikuwa hospitalini, wamesimama nyuma ya kiti cha karani.

"Mzee, hiki kisanduku cha mzio wa dawa, kihamishie chini ya jina la mlezi," Kiguu-na-Njia alimwagiza.

Karani alianza na lugha ya mabano. Akasahau kufunga. Kompyuta ikagoma, ikaupaka rangi nyekundu mstari wa kumi na nne.

"Inanitukana, mwanangu!"

"Inakwambia umeacha wazi, mzee."

Alinung'unika, akafuta miwani, akatafuta. Dakika kumi zikaisha ndipo ikakubali. Lugha ya pili ilimchukua dakika mbili. Kompyuta haikusema neno. Chapuchapu akapiga makofi.

"Sasa andikisha mgonjwa," alisema Kiguu-na-Njia.

Karani akajiandikisha mwenyewe: jina, miaka hamsini na minane. Akashuka chini, akapanda juu, akashuka tena.

"Cha mzio kimekwenda wapi? Mimi sindano ya penisilini iliwahi kunilaza wiki nzima!"

Chapuchapu akainama kusoma faili. Mzee alikuwa ameuweka mstari wake chini ya ule wa jina la mlezi na kuunyoosha nao sawasawa, kama anavyonyoosha mafaili yake. Lakini jina la mlezi lilikuwa ndani ya sehemu ya wagonjwa watoto, na sehemu hiyo hujificha mgonjwa akiwa mtu mzima. Mzio ukajificha nayo.

"Nimeharibu?" karani aliuliza.

"Hujaharibu, mzee. Umepanga vizuri mno."

Walipofika uani Chapuchapu alimshika mkono. "Hata kwenye mabano angeweza kukitumbukiza humohumo."

"Angeweza."

"Sasa?"

"Kule sehemu ya watoto imeandikwa inapoanzia na inapoishia. Angeiona. Huku amenyoosha mistari tu, na mashine ikamwitikia."

"Mistari maradufu, dada. Miezi miwili zaidi."

"Najua."

Saa sita kasoro robo alikuwa mbele ya mkubwa wake, amesimama, kiti ameambiwa kipo.

"Ya mabano," alisema.

"Una uhakika?"

"Sina. Lakini mtu akisahau kufunga, inapiga kelele kabla ya mgonjwa kufika."

Mkubwa alimtazama kidogo, labda akiikumbuka idara ya maji, kisha akaandika.

Chapuchapu aligonga vitufe vyake kwa hasira hadi saa nane. Ndipo akavuta kiti karibu, uso bado umekunjwa. "Haya, nipe nusu ya hizo skrini. Nianze na ipi?"

"Ya mzio. Ukimaliza tumpelekee mzee aivuruge."