Bei ya Fundi Florian na Uzee Wake

Florian Masatu alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo mjini Musoma hadi mwaka 1994, mashine zilipozimwa na wafanyakazi wakaambiwa warudi nyumbani kusubiri taarifa. Wengi waliendelea kusubiri. Yeye alitumia kiinua mgongo chake kununua mashine kuukuu ya kuchomelea, akafungua kibanda Iringo. Wakubwa waliita hali hiyo kujiajiri, wakaisifu mikutanoni. Hakuna aliyesimama kusema kwamba aliyejiajiri hana wa kumwekea pensheni.

Miaka miwili ya kwanza Florian hakutaja bei. Kwetu Mara, fundi anayetaja bei kwa mtu anayefahamiana naye huonekana amemgeuza ndugu kuwa mteja. Na nani hapa asiyefahamiana na mwenzake? Watu walimletea pampu, plau na mashine za kusaga. Alitengeneza, nao wakampa walichoona kinafaa. Mara nyingi waliona kuku.

Kila alipopata cha ziada alinunua mtamba, akampeleka kijijini Buswahili kwa kaka yake, Makongoro. Ng'ombe hao ndio waliokuwa akiba yake ya uzeeni. Lakini ng'ombe aliyewekwa kwa ndugu ni wa ukoo, na kijana wa ukoo anapooa, nani atathubutu kusema huyu ni wa pensheni yangu? Mwaka 1996 wana wawili wa Makongoro walioa kwa kufuatana, na mahari ikatoka kwa ng'ombe hao. Florian alikaribishwa kwenye harusi zote mbili, akashukuriwa kwa heshima kubwa, akarudi Musoma bila hata ndama.

"Ukifika miaka sitini utakuwa na macho gani ya kuchomelea?" mkewe, Tereza, alimwuliza.

"Watoto watatutunza."

"Watoto wenyewe wataoa kwa ng'ombe wapi?" Tereza aliendelea. "Kiwandani mwajiri alikuwaga anakuwekea akiba juu ya mshahara. Sasa mwajiri ni wewe. Mbona huyu mfanyakazi wako humwekei kitu?"

Swali hilo lilimkaa. Waliketi wakapanga bei: gharama ya vifaa, ujira wa siku, na juu yake sehemu ya tano kwa ajili ya uzee. Kwa kuwa shilingi ilikuwa ikipungua thamani hata ikiwa imelala benki, walikubaliana kwamba sehemu hiyo igeuzwe mara moja kuwa matofali na mabati, wajenge vyumba vya kupangisha kwenye kiwanja chao cha Nyakato, ambako walikuwa wamesimamisha kuta za chumba kimoja tu. Kupanga bei kulikuwa rahisi. Kuitamka ndiko kulikobaki.

Katikati ya msimu wa pamba aliitwa Bunda. Ekseli ya mashine ya kuchambulia pamba ilikuwa imekatika kwenye kiwanda cha mfanyabiashara mmoja, na wakulima walikuwa wamekaa juu ya mafurushi yao ya pamba nje. Msimamizi alikuwa Leodgar, mume wa dada yake Florian.

"Shemeji, shika kazi, tutaelewana," Leodgar alisema.

"Tuelewane kwanza."

"Mji umekuharibu," Leodgar alisema akicheka. Lakini Florian alipotaja bei, kicheko kilimwisha. "Hiyo ni bei ya mafundi wawili."

"Ndiyo. Mmoja anafanya kazi leo, mwingine atazeeka kesho. Wote wanakula."

"Basi nikupe mtamba. Mweusi, mzuri, yuko hapo kwangu."

Kwetu, kumkataa ng'ombe ni karibu sawa na kumkataa anayemtoa. Wakulima walianza kusogea wasikie. Florian alijua mtamba huyo angelala wapi, na alijua ni mwana yupi wa Makongoro angeoa baadaye.

"Mtamba huyo mpeleke Buswahili," alisema hatimaye, "kwenye mahari ya dada yangu uliyobakiza. Mimi nilipe pesa."

Wakulima waliangua kicheko. Leodgar alijaribu kukasirika, akashindwa, akacheka nao, kisha akaingia ofisini kwa tajiri wake. Tajiri huyo alikuwa amemlipa mwuza vipuri wa Mwanza bila kuuliza kama ni ndugu yake, na kila siku ambayo mashine ilisimama alipata hasara. Alilipa.

Nami nasema wazi: tusidanganyane kwamba undugu ni sababu ya kumnyima fundi uzee wake. Mwajiri asiyeweka pensheni hapunguzi bei ya bidhaa yake. Aliyefaidika na jasho la mtu alipie na siku ambazo mtu huyo hatatoa jasho tena.

Kabla ya wiki kwisha sehemu ya uzee ya fedha zile ilikuwa imegeuka mabati juu ya chumba cha kwanza cha Nyakato. Mwalimu mmoja, Jeska, alikipanga, na kodi yake ikanunua saruji ya msingi wa chumba cha pili. Msimu uliofuata Leodgar alikuja mwenyewe Iringo, akauliza bei kabla ya kueleza ubovu.