Shamba la Mama Kwenye Kona ya Mto

Harufu ya magome ya miyombo yaliyobanduliwa asubuhi, mabichi, yenye utamu kwa mbali, hunirudisha kijijini kwetu upande wa Ipole, tulikohamia wakati wa Ujamaa. Magome hayo tuliyasokota kamba za kupimia mashamba. Kila kaya ilipaswa kupata eneo sawa, na mama yangu Nyamizi, mjane, alipewa kona ya mto. Upande mmoja barabara iliyofuata njia ya zamani ya misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi, upande wa pili mto. Shamba lilikuwa jembamba kwenye ncha zote mbili, katikati limetoka kama tumbo. Mwenyekiti wetu, mzee Maganga, alizoea mashamba ya pembe nne. Akapima pale tumboni, akazidisha kwa urefu wote, akasema mama amezidishiwa; upande wenye muhogo ukatwe, apewe mtu mwingine. Na muhogo ule ndio tulioutegemea masika. Mama alikaza khanga kiunoni.

Bahati nzuri bwana shamba, Malogo, alikuwepo. Alikuwa Mgogo, mtani wetu sisi Wanyamwezi, akaomba apime upya.

"Apime nini huyu? Kwao wanapima kwa mikia ya ng'ombe!" akasema shangazi Kabula.

"Kelele, mpagazi wewe. Shika kamba!" Malogo akamjibu.

Tukacheka, hata mama. Malogo akachomeka vijiti barabarani kwa nafasi sawa, na kutoka kila kijiti tukavuta kamba hadi mtoni. Shamba likawa vipande. Kila kipande alijumlisha kamba zake mbili, fupi na ndefu, akagawa kwa mbili, akazidisha kwa upana. Mwisho akavijumlisha vyote.

"Mwenyekiti, mama huyu hajazidishiwa. Amepunjika."

"Na pale mto unapojitokeza kati ya kamba na kamba?"

"Hayo ni makisio, mzee. Tukikata vipande vyembamba zaidi, tutaukaribia mto zaidi. Ila hata tukiongeza hapo, hawafikii wenzake."

Mzee Maganga akazifuata kamba zote mwenyewe, moja moja. Akarudi. "Nilikosea. Nyamizi, lima shamba lako."

Masika yale tulikula muhogo wetu. Siku hizi wapimaji huja na mitambo, wanazunguka shamba mara moja, jibu linatokea kwenye kioo. Nafurahi, maana wanawahi. Mimi niliishia darasa la pili, lakini hesabu ile niliiona imelala chini, kamba kwa kamba. Namshukuru Malogo kwa kuipiga mbele yetu. Na mzee Maganga namshukuru zaidi: mkubwa wa kusema "nilikosea" hadharani, hata leo namtafuta.