Samaki Mbichi wa Bualai

Bualai alisifika kijijini kwa mkono wake. Samaki wadogo wa Mto Chi aliwakatakata wabichi, akawakamulia ndimu, akatia pilipili na unga wa mchele uliokaangwa. Wanaume wakitoka mashambani walikula na wali wa kunata mpaka sahani ing'ae. Wa kwanza kunawa alikuwa mumewe, Khamphan.

Wahudumu wa afya walipopita kupima choo, Khamphan alikutwa na mayai ya minyoo ya ini, ile inayotoka kwa samaki wabichi. Akameza vidonge, akashinda amelala, kichwa kikimzunguka. Wiki haikuisha akataka samaki wake.

"Mbichi tena?" Bualai akauliza.

"Dawa si ipo? Wakirudi nitameza tena."

Akamtengenezea. Miaka ikaenda hivyo, kumeza na kula.

Kisha macho ya Khamphan yakageuka manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, akawa anajikuna mpaka damu. Hospitalini, daktari alimpiga picha ya tumbo, akamgeukia Bualai.

"Minyoo imekaa muda mrefu kwenye mirija ya nyongo, mama. Sasa ni saratani, na imeshaenea. Hatuwezi kupasua."

"Vile vidonge je?"

"Vinaua minyoo tu."

Walimwekea mpira wa kutolea nyongo, wakamruhusu kwenda nyumbani. Bualai naye alipimwa. Mayai yalionekana, lakini mirija yake ilikuwa salama. Alimeza vidonge vyake jikoni, peke yake, akiona aibu kwamba yeye vitamfaa.

Khamphan alikonda, akabaki tumbo.

"Usijilaumu," alimwambia asubuhi moja. "Mimi ndiye niliyekuwa naomba."

"Na mimi ndiye niliyekuwa nakata."

Hawakuzungumza tena habari hiyo. Alifariki mvua zilipoanza.

Msibani, Bualai alisikia kisu kikigonga ubao nyuma ya nyumba. Thongdam, mdogo wa marehemu, alikuwa anawakatia waombolezaji samaki.

"Shemeji, wapikeni hao. Si mmemwona ndugu yenu?"

"Tunashushia na pombe, shemeji. Mnyoo gani utapona hapo?" Wenzake wakacheka chinichini, kwa heshima ya msiba. "Nenda kapumzike, umechoka."

Kweli alikuwa amechoka. Mwanawe mkubwa, Wichian, aliyekuja kumzika baba yake, alikuwa amekaa katikati yao, tonge la wali mkononi. Bualai akamwita kwa jina. Wichian akajifanya hakusikia, akachovya tonge kwenye samaki.