Maji Yetu Hayakuwa ya Chumvi

Kwetu Bofu, Likoni, bomba likitoboka watu husema "chumvi hiyo," na mjadala umekwisha. Kakangu naye alisema hivyo hivyo mabomba ya nyumba ya mama yalipovuja mara ya tatu. Akaapa: "Wallahi, kisima hiki nakifukia." Mama macho yakamjaa machozi. Kisima kile alikichimba marehemu baba kwa mikono yake, na majirani wote huchota hapo.

Mimi ni fundi wa mabomba, mwanamke, na sijifichi. Nikamuuliza kaka, "Chumvi gani? Mbona mama akifua, sabuni kidogo tu, povu lamfika viwikoni?" Maji ya chumvi hayatoi povu, kila anayefua Pwani ajua. Isitoshe, chini ya kila mfereji wa bomba palikuwa na doa la kijani, ishara kwamba shaba ya mabomba yaliwa. Nikaomba karatasi ya kupimia kwa mwalimu wa sayansi, nikaichovya, ikawa nyekundu. Asidi! Kisima chetu ki mchangani, hakikufika kwenye matumbawe, basi maji hayakupata chokaa ya kuyatuliza.

"Dawa yake ni mawe ya matumbawe," nikasema.

Kaka akacheka mpaka akakohoa. "Ewe dada, hayo si mawe ya kujengea? Wataka kuyajengea nyumba maji?"

Alinikera, lakini asiyejua maana haambiwi maana. Nikamwomba asubiri hadi Ramadhani, akakubali kwa shingo upande.

Nikavunja matumbawe, nikayaosha, nikajaza pipa zima. Maji ya pampu huingilia chini, hupenya mawe, hutokea juu kwenda tangini. Mabomba yaliyoliwa nikayabadilisha. Mwezi haujaisha, mama akaanza kulalamika: "We mwana, sabuni yangu yaenda bure, povu liko wapi?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Maji yakipata chokaa hula sabuni; mawe yalikuwa kazini!

Ramadhani ilipokaribia, kaka akaja na fundi wake, mzee mwenye sifa Likoni nzima, athibitishe kwamba kisima hakifai. Mzee akafungua kiungo nilichofunga mimi, akapitisha kidole ndani, akakitazama. Hakuna kutu hata chembe. Akamgeukia kaka: "Kazi hii kaifanya fundi gani?"

Kaka akanitupia jicho. Mama alikuwa barazani akichagua mchele, na hakuinua hata uso.

"Nimemzaa mwenyewe," akasema. "Na kisima hakifukiwi."