Haragwe Langu Limepewa Jina la Ndoyi wa Mwanangu

Admin, nifichie jina, maana Bunia ni ndogo na watu wa mradi wetu wanasoma hapa. Nina miaka thelathini na sita, mtoto mmoja wa kiume, na ni injenia wa kilimo. Kwetu ni Djugu, ila tangu vita vitutoe naishi hapa mjini na mama yangu.

Kijijini niliona watu wakikimbia kila mara maharagwe yakiwa bado mabichi. Nikaanza kuchanganya mbegu, msimu kwa msimu, nipate haragwe linaloiva mapema, mtu avune kabla hajakimbia tena. Nililipata. Vita vilipotufikia nilitoka na mbegu hizo nimezifunga kiunoni kwa kitenge, na mimba kubwa juu yake.

Aliyekuja kututoa ni profesa, mkuu wa mradi wa mbegu ninaoufanyia kazi. Alishika usukani mwenyewe, madereva wote walikataa ile barabara. Mtoto alipozaliwa nikampa jina lake. Kwetu huyo sasa ni ndoyi wa mtoto, ni ndugu kabisa, na ndoyi humtolei maneno mbele za watu.

Mbegu zangu zikaingia mashamba ya mradi, na sasa haragwe limetangazwa. Linaitwa jina la profesa, na tuzo ya wanasayansi kapewa yeye peke yake. Mimi simo hata kwenye shukrani. Nilimfuata ofisini kwa hasira. Akacheka kwa upole: "Mama Ndoyi, jina iko na kazi gani? Watu iko wanakula, si ndiyo ulitaka?"

Nikajibu, "Ndiyo, profesa." Mpaka leo najichukia kwa hiyo ndiyo.

Wenzangu wanaolima mashamba ya majaribio wanalala kwenye mahema ya kambi, huku wakubwa wa mradi wanabadilisha magari. Kesho profesa anafanyiwa sherehe, na wenzangu hao watakaa langoni na majembe, wakidai mishahara ya kueleweka na haragwe lirudishwe kwa mwenyewe. Dada anayewaongoza alinijia juu: "Siye tutapiga kelele juu yako, na weye utakuwa ndani unakula nyama? Bila weye watasema siye ni wavivu tu." Ana haki.

Mama naye hataki kusikia. "Ule mutu alitutoa mu kifo! Ukimupatisha haya, usiniite tena mama."

Kijijini sirudi, barabara imefungwa. Kazi nyingine sina. Namshukuru yule mtu na namchukia, yote kwa moyo huu mmoja, na umechoka.

Profesa ameomba mwanangu ndiye ampe maua ukumbini, mimi nimshike mkono. Nguo ya mtoto nimeshaipiga pasi. Jembe nalo nimeliegemeza mlangoni. Ndugu zangu mnaosoma, nishaurini leo, kesho nitakuwa nimechelewa: nitoke nimeshika nini?